Kasapa, Pande Mbili

Njia ya kwenda gerezani Kasapa na ya kwenda chuoni ni moja.
Mama za wafungwa hushuka kwanza,
masufuria ya bukari yamefungwa kwa vitambaa,
nami nasonga mbele hadi kitivo cha kilimo,
ambako mmea uliomfunga mdogo wangu
una barua ya mihuri mitatu,
na mimi ndiye niunyweshaye maji.

Nkambo aliipanda Kabongo, nyuma ya banda.
Kwa kikohozi cha kuku, alisema,
na kuku wake, kweli, hawakukohoa.
Alipokufa tuligawana kibuyu cha mbegu, mimi na Kabange.
Konzi yangu iliandikwa sampuli.
Konzi yake iliandikwa kosa.

Vyungu arobaini juu ya meza ya zege.
Ishirini ni mbegu ya nkambo.
Ishirini zilikuja na bahasha, kabila la ng'ambo,
lililochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa unono wa ua,
likalishwa chumvi kwa kijiko, chini ya taa,
likakua bila kuomba kitu kwa jirani.
Udongo ni mmoja: niliuchimba kando ya mto,
chini ya mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
pale ambapo hata nyasi huota kwa shingo upande.

Wiki ya sita nang'oa, naosha,
nachemsha mizizi katika siki na wino wa kalamu.
Kila kilicho kuvu hugeuka buluu.

Na hapo, chini ya darubini, ee,
mzizi wa nkambo umejaa wageni.
Ulipoona njaa ya fosfati ulipiga hodi kwa harufu,
nyuzi zikaja gizani, nyembamba kuliko unywele wa mtoto,
zikaingia hadi chumba cha ndani cha seli
zikachanua humo kama kijiti cha buluu.
Mzizi hutoa sukari. Nyuzi huleta kilicho mbali,
na shaba, sehemu yake, huizuia mlangoni.
Hakuna aliyewafundisha. Imo katika mbegu,
kama pua ya baba inavyokuja usoni bila kuitwa.

Mzizi wa bahasha ni mweupe, safi, peke yake.
Haukukataa mtu. Katika ukoo wake
neno la kuitia limefifia, kwa kutotumika.
Isipokuwa vyungu vitatu.
Vitatu vilifungua mlango, sijui kwa nini,
na Profesa Nsenga naye hajui; amesema, rudia.

Alhamisi nilibeba sufuria, nikashuka na wale mama.
Kabange alifungua kitambaa, akaita watu.
Wakaja saba. Bukari langu la mtu mmoja
likaenda kwa vidole vya watu nane,
na mmoja wao akatoa chumvi, mwingine nusu ya ndimu,
wa tatu akamnong'oneza jina la karani
anayejua faili lake liko wapi.
Nilikasirika. Tangu utoto yeye yuko hivyo,
nami nilikuwa nikila nyuma ya mlango, mgongo umeuegemea.
Tumbo moja lilituzaa.

"Yaya, mbegu ya nkambo inakomea?"
"Inakomea. Iko na batu mu bulongo."
Akacheka mpaka akakohoa,
kikohozi kibaya, cha sakafu ya saruji,
nikamkumbuka nkambo na kuku wake, nikanyamaza.

Getini mlinzi alinusa vidole vyangu:
siki, wino.
Akauliza napika nini nyumbani.
Nje mvua ilikuwa imeanza, wanawake wanafunika uyoga wa msituni
kwa mifuko ya plastiki, kando ya barabara.
Akageuza mikono yangu, akatazama kucha.
Ulikuwapo udongo,
mwekundu, wa chungu namba kumi na nne.
Hakuuandika popote.